Alikaa Tu, Mama

Mwanangu kamleta panzi ndani ya gilasi,
kaifunika kwa daftari la hesabu,
saa tano asubuhi, Samail inaungua
hata kitasa cha mlango hakishikiki.
"Mama, nimpe Siagi?"

Siagi ni mjusi wetu. Ana ndevu za miba,
tumbo la rangi ya siagi iliyosahauliwa juani,
na jicho moja la pembeni, la karani wa baladia
aliyekwisha kuona fomu yako haina mhuri.
Tulimnunua Mabela, tukaambiwa hali sana.
Aliyetuambia ndiye muuza nyenje,
riali mbili kikopo, nusu yao maiti.

Nikamkagua panzi.
Kijani. Mzima. Miguu yote sita,
magoti juu kama mtu aliyekalia mbuzi anakuna nazi.
Tangu lini panzi akadaiwa cheti?

Nabhani hakuinua uso kwenye kahawa yake:
"Wale wa jangwani nani huwanunulia vikopo?
Wadudu tunao shambani, bure."
Nami nilikuwa karibu kukubali,
maana bure ni tamu kuliko halua,
na mshahara ulikuwa bado siku tisa.

Kilichonishika ni kitu kidogo.
Mundhiri hajui kukamata panzi.
Namjua mwanangu, hata mpira uliosimama humkimbia.
Na panzi, ukinyoosha mkono,
keshafika kwa jirani, anakucheka.
"Umemkamata vipi?"
"Alikaa tu, mama. Aliningoja."

Aliningoja.

Nikajitupia ushungi, nikatoka na gilasi,
nikafuata ukingo wa falaji hadi kwenye mitende.
Shafiqul alikuwa huko, kitambaa mdomoni,
tangi la buluu mgongoni.
Nikamwonyesha. Hakusema neno.
Akaligonga tangi, akainua vidole vitatu.
Siku tatu. Dawa ya dubasi.
Kisha akanielekeza chini kwa kidole cha mguu:
nyuki wawili chali, wanazunguka papo hapo,
na kunguru kashuka, anachagua.
Nikapiga makofi kumfukuza. Akaniona mchoyo.
Vita vya panzi, furaha ya kunguru, tumezoea kusema.
Aliyesema hakuwahi kuona pampu.

Niliporudi, panzi alikuwa ameshusha magoti.
Mundhiri akauangalia mkeka.
"Mama," akasema, sauti imemshuka kooni,
"jana nilimpa wawili."

Usiku ule sikumgombeza.
Tulikaa chini ya taa ya Siagi, yeye na mimi,
nikimdondoshea maji mdomoni kwa brashi ya wanja.
Jicho likafumba. Likafumbua.
Siku ya pili hakula kitu.
Siku ya tatu akauma jani la mchicha
kwa dharau, kama mgeni aliyecheleweshewa chakula.
Sasa, ilikuwa sumu, au baridi ya kiyoyozi,
au kanuna tu? Mjusi hasemi.
Sitaki kujua kwa kumjaribu tena.

Ila Nabhani nilimjibu, japo nilichelewa:
wa jangwani ana wadi nzima ya kuchagulia,
akikosea, kakosea mwenyewe.
Huyu wetu ana kiganja chetu tu.
Chochote kilichomo humo yeye hukiita chakula.

Siku hizi nafuga nyenje jikoni, ndani ya ndoo,
wanalala kwenye makasha ya mayai,
wanakula karoti kwanza kuliko sisi.
Mmoja katoroka, yuko nyuma ya friji,
na saa nane za usiku anaimba kama kalipwa.
Nabhani kasimama gizani na ndara mkononi.
"Na huyu," ananiuliza, "ana cheti?"
"Anacho. Weka ndara chini, ukalale."