Swichi ya Milango Minane

Bi Barke alipolifungua boksi akatafuta pa kubonyeza.
Akaigeuza, akaipapasa ubavu.
"Hini ni swichi ya namna gani, haina taa ya kuwasha?"
Hii haiwashi, nikasema. Hii hupokea na kugawa.
Akaniangalia kama amwangaliavyo muuza samli.

Maboksi matatu juu ya mkeka, nyumba ya Mkomani,
kuta za matumbawe nene kuliko mkono wangu ulivyo mrefu;
wayalesi huingia hadi katikati, ikafia humo.
Ndiyo maana nimekuja na waya, mita mia mbili,
na Twaha kwenye simu, Twaha aliyeko Doha,
ambaye ataka nyumba ya mamake iwe erevu:
taa zijue magharibi, pampu ijue tangi,
kengele ya mlango ilie mfukoni mwake, huko huko.

La kwanza ni bubu. Chomeka, inafanya.
Haikuulizi kitu, wala huwezi kuiuliza.
La pili lina feni mbili, lavuma kama mtambo wa barafu,
na kusema nalo ni kwa mistari ya amri:
ukikosea nukta, limekufungia nje ya nyumba yako.
Hilo ndilo Twaha alilolipenda. Alilisomea.
"Nitaisimamia mimi kutoka huku," akasema,
"ni rahisi sana."

Rahisi kwa nani?
Nilitaka kunyamaza; mimi fundi, nalipwa kwa siku.
Lakini nimezipanda ngazi za watu saa nane usiku,
stima imerudi, vilivyokuwa vikiwaka havikurudi,
na mwenye nywila yuko nchi nyingine, simu imezimwa.
Nikamwuliza: umeme ukikatika, atakayeshuka ni nani?
Nyuma yake tukasikia tangazo la uwanja wa ndege.
Kisha, polepole:
"Ni mama."

Basi la tatu. Milango minane, halina feni,
elfu kumi na mbili na mia tano,
ukurasa wake hufunguka kwenye simu,
kila mlango waupa jina, wauweka katika kundi lake.
Nikaanza kumweleza Bi Barke makundi:
kwamba simu ya mgeni isiione kamera,
kwamba balbu ya bei rahisi, iliyotengenezwa usikokujua,
isipate upenyo wa kuchungulia...
"Wanifundisha nyumba?" akanikata.
Na bila kuinua macho kwenye kofia aliyokuwa akiidarizi:

Mgeni ni wa dakani,
asipite msanani,
na yaliyomo nyumbani
mwenyewe ndiye ajuwa.

Miaka kumi na mmoja kazi hii,
nimelipia kozi Mombasa, nimekesha na michoro,
na mchoro wenyewe ulikwisha kujengwa kwa mawe na chokaa
kabla babu yake hajazaliwa.
Nikaandika vile vile. Daka: wageni.
Tekani: kengele, na kamera moja, iangalie nde tu.
Kiwanda: pampu. Msana wa tini, msana wa yuu: taa, redio,
runinga ambayo haiwashi ila mwezi wa Ramadhani.

Lebo zangu za plastiki hazikumpendeza.
Akakata nyuzi zake za kofia, akafunga kila waya wake:
mwekundu tekani, kijani kiwanda, zari dakani
("wageni hupewa kizuri").
Swichi ikakaa kwenye kidaka, kando ya bakuli la kaure lenye ufa.

Usiku wa Ijumaa, mtaa mzima giza, kisha mwanga.
Nikakaa na viatu miguuni, nangoja kuitwa.
Ujumbe ukaingia:
*Taa ya uzi kijani haikumeta. Nimeuvuta nikautia tena.
Mai yapanda. Usiye.*

Nikavua viatu. Pesa za mwezi ndizo hizo zimekwenda.

Asubuhi akapiga Twaha. Ameufungua ukurasa, aona saba zawaka,
na wa nane una jina, "Ndani", lakini hauna waya.
"Umesahau?"
La.
"Sasa wa nini?"
Muulize mamako.