Benchi la Juu

Alhamisi ni zamu ya wanawake.
Ghorofa ya chini, mlango wa mbao;
msimamizi wa jengo ametuandika kwa kalamu ya risasi:
saa moja hadi saa mbili.
Tumevua kila kitu isipokuwa nchi zetu.

Urve anamwagia mawe maji,
mvuke unapanda, unatushika masikio,
naye anaanza na neno la kila Alhamisi:
kwetu.
Kwetu kodi unaimaliza dakika tatu, chai haijapoa.
Kwetu daktari akiandika dawa, duka limeshajua.
Kwetu kampuni niliisajili nikiwa na nguo ya kulalia.
Huku Vantaa nimeletewa barua ya posta
kunijulisha kwamba nitaletewa barua ya posta.

Tunacheka. Maji tena.

Maarika anakaa benchi la chini kwa ajili ya presha.
Anasubiri kicheko kiishe.
"Hizo dakika tatu," anasema, "mama yangu kule Võru anazijua.
Kodi amelipa, kura amepiga, cheti amepata,
na goti lake liko foleni, huu mwezi wa kumi na moja.
Kompyuta ilimjibu papo hapo: subiri."
Huku, anasema, theluji ikianguka saa tisa usiku,
saa kumi na moja njia ya baiskeli imeshakwanguliwa,
hata ile isiyopitwa na mtu.
Huku nilipopata mimba serikali ilinitumia sanduku,
nguo za mtoto, kofia, soksi, na godoro chini yake.
Mwanangu alilala miezi minne ndani ya sanduku la serikali
na hakulia sana.

"Na jino lako?" Urve anamwuliza.

Jino la Maarika linangoja tangu Agosti.

Mimi dereva wa basi, maneno yangu machache.
Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake;
sisi tumelala mbili,
paa linalovuja huku na paa linalovuja kule
tunayajua kwa kishindo cha tone.
Ila hili sijawaambia:
Krismasi, mezani kwa dada yangu Tartu,
nilisikia mdomo wangu ukisema,
"Kwetu mabasi hayachelewi."
Dada aliweka kisu chini.
"Kwenu wapi?"

Na hili pia.
Machi ile, kituo cha mwisho, injini nimezima,
mkate wa jibini mkono mmoja, simu mkono wa pili,
nilichagua bunge la nchi nisiyoilipa hata senti.
Makombo yalibaki kwenye kioo, juu ya jina la mgombea.
Aprili, Jumapili asubuhi, niliwasha basi
nikawapeleka watu wakapige kura
katika nchi inayokata mshahara wangu kabla sijauona.
Diwani wao naruhusiwa kumchagua. Bunge, hapana.
Walishuka mbele ya shule, makoti yao mazuri,
mzee mmoja akanishukuru kwa kuinamisha kichwa.
Nilifungua mlango.
Nilifunga mlango.

Ngo, ngo. Saa mbili kasoro dakika nne.
Ni Hilkka wa ghorofa ya tatu, taulo begani,
mzaliwa wa hapa, baba na babu wa hapa,
hasubiri hata mlango ufungike.
"Nchi hii imeoza," anasema.
"Theluji mlangoni tangu saa kumi, hakuna aliyegusa.
Zahanati hawapokei simu. Mawaziri, watoto watupu.
Natamani ningehamia ng'ambo, kwenu,
nasikia kila kitu kinafanyika kwa dakika."

Tulimtazama. Jasho lilitudondoka kidevuni.
Halafu tukamvamia, watatu kwa pamoja,
kwa Kifini chetu cha kuungaunga:
jembe la theluji, sanduku la mtoto,
njia ya baiskeli isiyopitwa na mtu,
na simu, mama, wanapiga wenyewe, kesho yake lakini wanapiga!

Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Urve.