Nani Aliwahesabu

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Mabibo, chumba cha wanne,
nawafundisha vitanda.
Cha juu ni kidato cha pili B.
Cha chini kimeinamia simu, hakinisikii.
Basi darasa limetimia, asema Siwema,
akichekea ndani ya kanga.

Andalio la somo liko mapajani:
dakika tano utangulizi,
ishirini maarifa mapya,
kumi kuyaimarisha, tano tathmini.
Vita vya miaka miwili nimevikunja
vienee kwenye dakika arobaini.
Nimekalia begi, nimevuta zipu,
bado kona moja inachungulia.

Miaka mitatu naupanda mlima huu.
Nimezisoma sababu za vita zaidi ya vita,
na matokeo zaidi ya waliotokewa.
Dokta Lyakurwa alitufunza kutilia shaka kila chanzo:
"Barua ina mkono, na mkono una bosi."
Tukainakili sote, tukaipigia mstari.
Hakuna aliyeitilia shaka.

Kaka yangu Nasoro, wakala wa forodha bandarini,
hunitania: yaliyopita si ndwele.
Nami humuuliza, kontena likipotea
mbona unadai karatasi za mwaka juzi?

Upanga, kwenye nyaraka, nilipewa jalada na penseli;
kalamu ya wino marufuku.
Kodi ya vibanda. Mwandiko umelalia kulia,
Kijerumani, nami Kijerumani sikijui.
Nilizijua tarakimu tu.
Ukurasa wa kwanza: vibanda mia tatu na kumi na viwili.
Ukurasa wa pili, mwaka mwingine:
arobaini na kimoja.
Kati yao hapana sentensi.
Pana tundu la pini, na kutu kidogo kuizunguka.
Nililitazama mpaka mhudumu akagonga meza,
dada, tunafunga.

Nimeliandikia tundu lile kurasa kumi na nne.
Nikapata B.

Jumatatu, Mbagala. Wanafunzi sabini na wanane,
watatu watatu dawati moja, mmoja dirishani.
Nyuma kabisa kakaa msimamizi na fomu yake,
magoti yamegoma kuingia chini ya meza.
Nikaanza kwa lugha ya mtihani.
Waliandika kila kitu, hata kikohozi changu,
wala hakuna jicho lililonyanyuka.
Chaki ikakatika. Nilipoiokota
nikajikuta nasema Kiswahili:
Haya. Mtu anakwambia ulime pamba yake,
shamba lako linaota magugu. Unafanyaje?
Dirishani pale pakajibu, namchimba mkwara!
Darasa likapasuka.
Msimamizi akashusha miwani.
Nikavuka hivyo hivyo, sikurudi.

Mwishoni nikaandika idadi ya waliokufa
kama kitabu kilivyoiandika,
masufuri yake yote, ya duara, safi.
Ndipo Sikudhani, safu ya pili,
sketi imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine,
akanyoosha kidole.
"Mwalimu, nani aliwahesabu?"

Wakamcheka. Akasubiri kicheko kiishe.
"Maana msibani kwetu tu, watu wa mtaa mmoja,
sahani hazikutosha, na tulihesabu mara mbili."

Nilikuwa na jibu la kitabu. Nilikuwa na jibu la Dokta.
Nikaitazama ile tarakimu ubaoni:
watu hawafi kwa maelfu kamili.
Nikakumbuka pini.

"Sijui," nikasema. "Tuanze hapo.
Nani angetaka wawe wengi? Nani angetaka wawe wachache?
Na nani hakuulizwa?"
Mikono ikawa mingi kuliko macho yangu.
Wa dirishani akaingia ndani, akabana kwenye dawati la watatu,
na tathmini yangu ya dakika tano
ikabaki mapajani kwa meza, haijaguswa,
mpaka rimu ya gari ikagongwa nje.

Msimamizi akanisogezea fomu.
Sauti: inasikika.
Ubao: una mpangilio.
Lugha: rejea mwongozo.
Muda: somo halikukamilika.

Nikaomba kalamu, ya wino safari hii,
nikatia sahihi.
Ni kweli. Halikukamilika.