Kofia Tisa

"Mwezi mmoja elfu arubaini na tano," alisema mwanamke wa simu,
sauti yake safi kama sahani iliyofutwa.
"Chakula ndani, dawa ndani, godoro aje na lake.
Miezi mitatu, dada. Chini ya hapo mnatupa pesa."

Nilipindua kofia iliyokuwa mapajani
nikaandika upande wa ndani, kwa kalamu,
panapokaa jasho la mwenye kuivaa:
kofia ya vito, elfu tano, mnunuzi akiwa muungwana;
majuma sita kuishona, macho yakikubali.
Mwezi mmoja, kofia tisa.
Mitatu, ishirini na saba.
Ishirini na saba mara majuma sita —
zidisha wewe. Mimi nilijichoma kidole.

Famau hakuwa na miaka mitatu ya kungoja.
Alikuwa ukumbini, amejikunja kama jongoo,
arosto imemshika viungo, meno yanagongana
mwezi wa Machi, ambapo Langoni hata kuta hutoka jasho.

Cha kuuza? Alikwisha kukiuza yeye.
Feni. Sufuria ya mapishi ya harusi. Mkufu wa mama,
kisha kisanduku cha mkufu.
Bawaba za mlango wa choo. Naapa, bawaba.
Sindano zangu hakuzigusa.
Alikuwa na zake.

Basi nikabisha hodi.
Karani wa bima aliteremsha kidole kwenye orodha:
malaria ipo, uzazi upo, jino lipo,
halafu kidole kikasimama.
"Rudi Jumatatu." Nilirudi Jumatatu tatu.
Mganga wa Mambrui alitaka elfu nane na mbuzi mweusi.
Elfu nane nilimpa, Mungu anisamehe. Mbuzi nilimnyima.
Ami Shekuwe alisema wa kwetu hafungiwi, watu watajua,
kana kwamba watu walikuwa wakingoja kuambiwa,
kana kwamba viatu vya msikitini vilikuwa vikijiendea vyenyewe.

Aliyetoa ni Bi Mwanakheri wa upatu.
Zamu yake ya Shaabani, pesa za chokaa ya nyumba kabla ya mwezi,
alinisukumia ndani ya bahasha
chini ya sinia la mkate wa mofa.
"Mpwa wangu tulimkuta msalani," alisema. "Usinishukuru."

Malindi. Lango la kijani, nyuma ya Kisumu Ndogo.
Njia nzima kutoka Mokowe alitapika ndani ya mfuko wa sukari
na Garsen aliniomba, kwa adabu kabisa, nimwache.
Mlinzi alimpekua hadi pindo la kikoi.
Risiti ikaandikwa: Mlipaji. Uhusiano. Kiasi. Salio.
Pale penye salio kalamu ilikaa sana.

Kofia ile nimekwisha kuiuza. Wino haukutoka vizuri.
Mahali fulani bwana mmoja anasujudu
na tisa yangu inamgusa paji la uso, hajui.

Mwezi wa pili umekwisha. Nina kofia mbili na nusu.
Ijumaa nilimpelekea kaimati. Shingo imejaa kidogo.
Zamani, kabla ya haya, naye alikuwa mshonaji,
mkono wake mwepesi kuliko wangu.
"Niletee moja nikusaidie," alisema, akitazama sakafu.
Mlinzi akatikisa kichwa: sindano haziingii humu.

Tukakaa. Kaimati zikapoa.
Kisha akaazima penseli ya msimamizi,
akavuta kitambaa cheupe kutoka mkobani mwangu,
akaanza kuchora, ulimi nje kama mtoto wa chuoni:
ua, jani, ua. Mkono ukamruka, mstari ukaenda kombo.
Akaufuta kwa mate, akauchora tena,
ukaenda kombo palepale.

Nitautoboa hivyo hivyo ulivyo.