Mnara wa Kuazima

Mlango ni mwembamba makusudi.
Shemeji yangu Peizhen, aliyefagia bustani hii ya Suzhou
miaka kumi na tisa, ananisukuma kwa kiganja:
ingia, usisimame mlangoni kama mdai.

Hakuna kinachoonekana mara moja.
Ukuta mweupe. Dirisha la umbo la jani,
na ndani ya jani, mianzi mitatu, basi.
Daraja linapinda, linapinda tena;
bata angevuka kwa pumzi moja,
sisi tunapewa bwawa lilelile mara saba.

Ananionyesha jiwe lililoopolewa ziwani:
jembamba, limekunjamana, limejaa matundu,
mvua huingilia juu, hutokea ubavuni.
Hizo ndizo sifa zake, anasema;
tajiri mmoja aliuza mashamba alinunue.
Kisha anaitazama mikono yake, anacheka:
"Na mimi je, mbona siwekewi kibao?"

Husemwa nguo ya kuazima haisitiri.
Lakini bustani hii haina mnara.
Ule pale, ng'ambo ya ukuta, ni wa hekalu la jirani.
Aliyejenga aliacha pengo kati ya miti
akauazima;
karne nne sasa, haujarudishwa.

Siku hizi pengoni kuna kreni ya manjano pia.
Watalii wanapinda shingo, wanaikwepa kwenye picha.
Peizhen haikwepi.
Anafagia taratibu kandokando ya kivuli chake:
kimeshavuka ukuta,
na mgeni aliyekwisha kuingia
hapigwi ufagio.