Sakitu

Umeme wa Isyonje ulirudi saa tatu usiku
ukatukuta jikoni,
shangazi Subilaga akimenya viazi vya kesho,
mimi nikiipapasa simu yenye ufa.

Nilikuwa natafuta bei ya gunia.
Kidole kikateleza, na tazama:
mlima usio wetu, mweupe mabegani,
wanawake wenye kofia za duara
wanakanyaga viazi, pekupeku,
uwanja mzima.

"Wanaviharibu," akasema.
Kisu akakiweka chini.

Nikamsomea maandishi: usiku huvianika vigande,
asubuhi huvikamua maji kwa nyayo,
vikikauka vinakaa ghalani
hata miaka kumi.

Hakuniamini. Akaishika simu
kama ashikavyo kifaranga,
akataka nirudishe mwanzo. Nikarudisha.
Nikarudisha tena. Bando likalia.

Sisi Juni hii sakitu imetuunguzia nusu ekari,
majani meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto,
na shangazi hakuongea siku mbili.
Kumbe kuna watu
huisubiri sakitu kama mkwe,
huifagilia uwanja.

Mpiga picha haonekani. Ila mara moja
kivuli chake kinapita juu ya viazi,
kirefu, kimejikunja,
na pumzi yake inafunga ukungu kwenye lenzi.
"Naye anatetemeka," akasema shangazi.
"Hawajampa hata chai?"

Nikamwonyesha vingine. Kijiji kilichojaa mchanga
hadi madirishani, mbuzi juu ya paa.
Kinyozi wa Lahore ananyoa mlangoni, mvua nje,
mteja amelala usingizi na povu shavuni.
Mimi ningekesha na huyo kinyozi.
Yeye: "Hebu rudi kwa wale wa viazi."

Alfajiri nilimkuta nyuma ya nyumba.
Vile vidogo, vya kuwapa nguruwe,
amevitandaza juu ya gunia tangu usiku,
vimekuwa vigumu kama kokoto.
Ndala kaziacha pembeni. Mguu mmoja juu.

Nikafungua kamera.

"Ngoja kwanza," akasema,
akafunga upya kilemba,
akaangalia Uporoto, akaniangalia mimi.
"Na hao wa kofia wataniona?"

Sikujua nijibu nini. Nikabonyeza.
Picha ya kwanza ilitoka ukungu mtupu,
pumzi yangu mwenyewe.
Sijaifuta.