Hapo Tu

Ramani imetoka fotokopi, vipande sita.
Nimeviunga kwa gundi juu ya meza ya kukatia:
Mpwapwa kule juu, karibu na mkasi,
Kibakwe huku chini, inagusa tumbo langu.

Mimi ni fundi cherehani, Majengo, Dodoma. Napima kwa utepe.
Sentimita mbili ni kilomita moja,
na pale mistari ya mlima inapobanana kama marinda
najua kitambaa kimekunjwa sana,
hapo tutapanda kwa mikono.

Sechelela anauliza, kwa nini tusitafute mwenyeji atuongoze?
Nasema hapana. Siku tano, wewe na mimi,
nyumba nne za kulala. Tukipotea tutauliza.
Anacheka mpaka anashika mlango.
"Umuulize Mgogo umbali!
Atakuonyesha kwa mdomo: hapo tu."

Kweli. Wiki nzima napiga simu
na kila aliyepokea kanipa hapo tu yake.
Ya Mwalimu Chilongani ni saa tatu, lakini ana baiskeli.
Ya mama Nyemo, ambaye maji anayafuata kwa miguu,
ni tangu jogoo la pili hadi kivuli kikuingie chini ya nyayo.
Ya kijana wa bodaboda nimeifuta.
Zilizobaki nimeziandika pembeni kwa chaki ya nguo,
nikazidisha kwa mbili,
nikaongeza magoti ya Sechelela.

Usiku wa kwanza, kwa Mwalimu, sebuleni, mkeka upo.
Wa pili, kwenye tembe ya mama Nyemo.
"Juu ya paa nimeanika karanga," alisema,
"ila ndani mtaenea. Mbuzi wana upande wao."
Wa tatu, stoo ya zahanati.
Ufunguo anao Mbijima, na makatoni tusiyaguse.
Wa nne, simu inaita, inaita,
kisha yule dada wa sauti laini
ananiambia mteja hapatikani.

Begi nimelishona mwenyewe:
turubai la kijani lililobaki kwenye oda ya harusi,
mikanda ya mabegi ya shule,
mabegani mshono mara mbili.
Ndani, unga wa uwele. Zabibu kavu. Chumvi kwenye chupa ya dawa.
Mlenda mkavu, gunia zima lisingeshinda uzito wa kiatu.
Maji lita tatu kila mmoja,
maana mwezi wa nane korongo ni mchanga mtupu
na kuufukua kunataka mtu asiye na safari.
Sechelela kaleta sufuria kubwa, na mfuniko wake.
Nikaitoa. Akairudisha. Nikaitoa.
Sasa imekaa mlangoni
kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu.

Kwenye mizani ya muuza mchele: kilo kumi na moja.

Jana usiku, nikitafuta kadi ya bima sandukuni,
nimeshika kadi yangu ya kliniki,
karatasi imekuwa rangi ya chai.
Mwezi wa sita, mwaka ule wa njaa. Kilo tisa,
wino wa bluu wa nesi.
Mwezi uleule mama alipanda huko kwenda kuhemea,
mimi mgongoni.

Kumbe njia hii nimeshaipita.
Nilikuwa nimelala.

Wakati wa kurudi alikuwa na mimi nyuma
na mahindi kichwani,
na mahindi hakuna nesi aliyeyaandika.
Nilipokua nikamuuliza, mama, ni mbali?
Alikuwa anapepeta. Hakuacha kupepeta.
Alinyoosha mdomo kuelekea milimani.

Nimerudi kwenye ramani. Nimekaa muda
na utepe shingoni, bila kupima kitu.

Kesho nitajaribu tena namba ya usiku wa nne.
Isipopokelewa, mstari wake nimeuacha wazi,
nimeongeza kitenge cha kujifunika,
kiberiti kingine,
na, haya Sechelela, lete,
sufuria.